Kufumbua Mafumbo Wazi ya Hisabati kwa Ruwaza: Mwongozo kwa Walimu na Wazazi

Fumbo la hisabati huwa funge au wazi. Fumbo funge hutoa taarifa zote na kudai jibu moja: bandani kuna kuku 5 na mbuzi 4, je, miguu yao ni mingapi? Mtoto huzidisha, hujumlisha, huandika 26, kazi imekwisha. Fumbo wazi huanzia upande wa pili: bandani kuna kuku na mbuzi, miguu yao yote ni 26, je, kuku ni wangapi na mbuzi ni wangapi? Hesabu inayotakiwa ni ileile ya darasa la tatu, lakini sasa majibu ni mengi, na mtoto hana budi kuyatafuta mwenyewe na kujua lini ameyamaliza. Hilo la kujua lini ameyamaliza ndilo gumu, na ndipo ruwaza inapohitajika.

Ruwaza ni mpangilio unaofuata kanuni. Unaweza kujirudia, kama maua ya pindo la kanga, au ukakua na kupungua kwa kiasi kinachojulikana, kama hatua za mtu apandaye ngazi. Watoto wengi wa Afrika Mashariki huzijua ruwaza kwa mikono kabla ya kuzijua kwa namba. Anayesuka ukili huhesabu chane za rangi na chane nyeupe, na akikosea moja ua zima hupinda. Mwanahisabati Paulus Gerdes wa Msumbiji, aliyefariki mwaka 2014, alitumia miaka mingi akionyesha hisabati iliyomo katika ususi wa vikapu na mikeka wa kusini mwa Afrika.

Ufundishaji wa maswali wazi uliandikwa kwa utaratibu nchini Japani. Kitabu cha Shigeru Shimada kuhusu njia hiyo kilitoka mwaka 1977, na tafsiri yake ya Kiingereza ikafuata mwaka 1997. Kabla yake, mwaka 1945, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, George Pólya, alikuwa ameigawa kazi ya kutatua fumbo katika hatua nne: kulielewa, kupanga njia, kuifuata njia hiyo, kisha kurudi nyuma na kulitazama jibu. Hatua ya nne ndiyo inayorukwa zaidi madarasani, maana kengele hulia kabla haijafikiwa. Katika fumbo wazi haiwezi kurukwa, kwa sababu ruwaza huonekana baada ya majibu kupatikana.

Kuyapanga majibu

Somo huanza na vitu vya kushikika. Vizibo vya soda 26 vinatosha kuwa miguu. Njiti za kiberiti au kokoto hufaa vilevile. Watoto hukaa wawiliwawili na kuachiwa kama dakika kumi wabahatishe. Kubahatisha hakukatazwi mwanzoni, kwani ndiko kunakowaingiza kwenye fumbo. Mmoja atatoa kuku 3 na mbuzi 5, mwingine kuku 11 na mbuzi 1, wa tatu kuku 7 na mbuzi 3. Yote ni sahihi, na yote huandikwa ubaoni kama yalivyotajwa, ovyoovyo.

Kisha mwalimu huuliza swali moja tu: yamebaki mangapi? Darasa hunyamaza, au kila mtu hutaja namba yake. Kwa ubao uliovurugika namna hiyo hakuna awezaye kujua, na watoto wenyewe hulitambua tatizo. Sasa wako tayari kupanga. Majibu huandikwa upya kuanzia mbuzi mmoja:

Mbuzi: 1, 2, 3, 4, 5, 6
Kuku: 11, 9, 7, 5, 3, 1
Vichwa: 12, 11, 10, 9, 8, 7

Hapo chaki huwekwa chini na watoto huachiwa waseme wanachokiona. Wataona kuku wanapungua wawiliwawili. Wataona idadi ya kuku ni namba witiri tupu. Mwenye jicho kali ataona vichwa vinapungua kimoja kimoja. Kila kinachoonwa hufuatwa na "kwa nini?", na jibu la swali hilo hutafutwa kwa kuku na mbuzi wenyewe. Mbuzi mmoja akiingia anadai miguu minne, na miguu minne ni ya kuku wawili, kwa hiyo kuku wawili hutoka. Wawili wametoka, mmoja ameingia, vichwa vimepungua kimoja. Mtoto anayeyasema haya kwa maneno yake ameshaanza aljebra bila kuandika herufi hata moja.

Na je, orodha imeishia wapi? Mbuzi saba wana miguu 28, nayo imezidi 26. Chini ya mbuzi mmoja hakuna mbuzi. Basi majibu ni sita na hayaongezeki. Huo ni uthibitisho kamili, na mtoto wa miaka tisa anaweza kuutoa.

Karibu kila mara huzuka ubishi: kuku 13 bila mbuzi hata mmoja, je, si jibu? Ubishi huo usizimwe. Fumbo limesema bandani "kuna kuku na mbuzi", na maneno hayo ndiyo yanayoamua; yangekuwa "kuku au mbuzi", pangekuwa na nafasi ya kubishana zaidi. Baada ya hapo namba ibadilishwe. Miguu ikiwa 28, majibu yanabaki sita lakini kuku sasa ni namba shufwa: 12, 10, 8, 6, 4, 2. Miguu ikiwa 27, hakuna jibu. Daima hutokea mtoto wa kusema kuku mmoja amevunjika mguu, darasa likacheka. Asikemewe: amekwisha kugundua kwamba 27 haigawanyiki kwa mbili, na kwamba miguu ya wanyama wazima haiwezi kamwe kuwa witiri.

Maneno kabla ya namba

Watoto wengi hushindwa fumbo kabla hawajafika kwenye hesabu. Sababu kubwa ni mazoea ya kuwinda neno la ishara: "jumla" maana yake jumlisha, "baki" maana yake toa, "zaidi" maana yake jumlisha tena. Juma ana maembe 12, nayo ni 5 zaidi ya maembe ya Asha. Je, Asha ana mangapi? Mwenye kuwinda maneno huandika 17 bila kusita, ingawa Asha ndiye mwenye machache. Kufundisha orodha ya maneno ya ishara ni njia ya mkato inayomponza mtoto, na katika mafumbo wazi haifiki popote, kwa sababu humo mara nyingi neno lenyewe la ishara halimo.

Njia bora ni kumtaka mtoto asimulie fumbo upya bila kutaja namba hata moja. Nani yumo? Nini kinajulikana? Nini kinatafutwa? Nini kinaweza kubadilika na nini hakibadiliki? Swali hili la mwisho ndilo mlango wa ruwaza. Katika fumbo la banda, miguu 26 haibadiliki. Mbuzi na kuku hubadilika, na mmoja akibadilika humburuta mwenzake.

Saa za Kiswahili zina kona yake ya kuangaliwa. Daladala ikiondoka kila baada ya dakika 25 kuanzia saa 12:00 asubuhi, safari zinazofuata ni 12:25, 12:50, kisha 1:15. Mtoto aliyeandika 12:75 ameifuata ruwaza ya namba akaisahau saa.

Ruwaza moja, macho matatu

Aina ya pili ya fumbo wazi ina jibu moja na njia nyingi. Meza ya mraba hukaliwa na watu wanne, mmoja kila upande. Kwenye karamu meza zinaunganishwa kwa mstari mmoja. Meza moja ni watu 4, mbili ni 6, tatu ni 8. Meza 10 je?

Karibu watoto wote wataona kwamba kila meza inaongeza watu wawili, na wataongeza wawiliwawili hadi 22. Ni sahihi, lakini ni ruwaza ya kupanda ngazi: ili kuijua hatua ya kumi ni lazima kukanyaga ya tisa. Mwalimu akiuliza meza 100, ngazi inachosha, na mtoto anaanza kutafuta kanuni inayoanza na idadi ya meza na kufika moja kwa moja kwenye idadi ya watu. Hapa macho hutofautiana. Mmoja huona kila meza ina mtu wa juu na mtu wa chini, halafu wapo wawili wa mwishoni: mara mbili ya 100, ongeza 2, ni 202. Mwingine huanza na meza zikiwa zimetawanyika, watu 400, kisha huona kwamba kila kiungo kinameza nafasi mbili; viungo ni 99, kwa hiyo 400 hutolewa 198. Wa tatu huona meza mbili za pembeni zina watu watatu watatu na meza 98 za katikati zina wawili wawili: 6 na 196. Njia zote tatu ziandikwe ubaoni kando kwa kando, kila moja na mchoro wake, na wenyewe waulizwe waionyeshe namba 2 ya njia ya kwanza iko wapi katika mchoro wa tatu. Dakika zinazotumika hapo hazipotei.

Kuna kosa moja ambalo hujirudia katika kila darasa. Meza 10 ni watu 22, basi meza 20 ni watu 44. Mtoto ameizidisha ruwaza kwa mbili kana kwamba ni bei ya unga. Badala ya kumwambia amekosea, mwalimu huchora mistari miwili ya meza 10 na kumtaka aiunganishe. Kwenye kiungo atawakuta watu wawili waliokuwa wamekaa vizuri sasa wamebanwa katikati ya meza. Hao ni lazima wainuke. Jibu ni 42, na kosa hilo halirudi kirahisi kwa mtoto aliyewainua watu kwa mkono wake.

Fumbo lilelile hufunguliwa zaidi kwa kuligeuza: wageni ni 30 na hakuna kiti kinachobaki wazi, je, zinahitajika meza ngapi? Kwa mstari mmoja ni 14. Kwa mistari miwili ni 13, kwa mitatu ni 12. Kila mstari unaoongezwa unaokoa meza moja, mpaka mistari saba na meza 8, ambapo sita zinasimama pekee na mbili zimeungana. Mistari minane ingehitaji meza 7, jambo lisilowezekana, na mtoto aeleze kwa nini.

Kwa madarasa ya juu yapo mafumbo ya mzingo na eneo. Wavu wa mita 24 unazungushwa kuwa banda la mstatili lenye pande za mita kamili. Upana ukiwa 1, 2, 3, 4, 5, 6, eneo ni mita za mraba 11, 20, 27, 32, 35, 36. Tofauti kati ya namba hizi ni 9, 7, 5, 3, 1: namba witiri zikishuka. Banda likijengwa kwa kuegemea ukuta wa nyumba, pande tatu tu ndizo zinazohitaji wavu, na eneo kubwa kabisa linafika 72, mara mbili ya lile la kwanza.

Ruwaza inayodanganya

Hatari ya kufundisha kwa ruwaza ni kumzoesha mtoto kuamini namba tatu za kwanza. Akionyeshwa 2, 4, 8 atasema inayofuata ni 16, na anaweza kuwa sahihi. Lakini anayeona kwamba imeongezwa 2 kisha 4 atasema 14, naye hana kosa. Namba peke yake haziamui. Kinachoamua ni kisa kilichozizaa.

Fumbo zuri la kuonyesha jambo hili ni la muuza karanga. Mteja anataka kulipa kwa sarafu za sh. 50, sh. 100 na sh. 200 tu. Je, zipo njia ngapi za kulipa sh. 100? Mbili: sarafu moja ya 100, au mbili za 50. Sh. 200 zina njia 4, sh. 300 zina njia 6. Darasa zima litatabiri njia 8 kwa sh. 400, na mwalimu aiandike 8 hiyo ubaoni bila kutikisa uso. Kisha wahesabu. Njia ni 9.

Kwa nini? Jibu linapatikana kwa kupanga tena, safari hii kwa kuanza na sarafu kubwa. Bila sarafu ya 200, sh. 400 hulipwa kwa 100 na 50 peke yake: sarafu za 100 zinaweza kuwa 0, 1, 2, 3 au 4, na pengo hujazwa na za 50. Hizo ni njia 5. Ikitumika 200 moja, zinabaki sh. 200 za kulipwa kwa 100 na 50: njia 3. Zikitumika 200 mbili, hakuna kinachobaki: njia 1. Jumla ni 5 na 3 na 1, yaani 9. Kwa sh. 500 hesabu ni 6 na 4 na 2, yaani 12. Kila sarafu ya 200 inayoingia inaondoa njia mbili, kwa sababu inaondoa nafasi ya sarafu mbili za 100. Ni yuleyule mbuzi anayewatoa kuku wawili, na watoto wakiligundua hilo wenyewe hufurahi kweli.

Orodha ikiendelezwa, mia za witiri (100, 300, 500, 700) hutoa 2, 6, 12, 20. Wapenzi wa mpira watazikuta namba hizi mahali pengine. Timu mbili zikikutana nyumbani na ugenini hucheza mechi 2; timu tatu hucheza 6; nne, 12; tano, 20. Kila timu inaikaribisha kila timu nyingine mara moja, kwa hiyo idadi ya timu huzidishwa kwa idadi pungufu ya moja. Kwa ligi ya timu 16 ni 16 mara 15, mechi 240. Mtoto anayesema kila timu inacheza mechi 30, basi jumla ni 480, amehesabu kila mechi mara mbili, na ni vizuri aulizwe mechi ya timu fulani na mwenzake ameiandika katika daftari la nani.

Darasani, nyumbani na wakati wa kusahihisha

Fumbo moja linatosha kipindi cha dakika 40. Mafumbo matano kwa kipindi humrudisha mtoto kwenye kubahatisha. Darasa likiwa kubwa, makundi ya wanne hufaa, kila kundi likiwa na mwandishi mmoja na daftari moja la majibu, na mwalimu apite akichagua kimya kimya makundi matatu au manne yatakayoonyesha kazi zao mbele. Aanze na kundi lililobahatisha, amalizie na lililopanga. Akianza na lililopanga, wengine hufunga madaftari.

Nyumbani hakuhitajiki ubao. Kete za bao ni vihesabio vizuri, na mashimo 32 ya bao lenyewe yanaweza kuwa jedwali. Chenji ya dukani, vikombe kwenye sinia, madirisha ya basi: kila kimoja huzaa fumbo kikiulizwa kwa nyuma, yaani kwa kutoa jumla na kuuliza sehemu. Mzazi asitaje jibu, na akiulizwa "ni sahihi?" arudishe swali: "Umejuaje?"

Katika kusahihisha, alama zisitolewe kwa idadi ya majibu peke yake. Aliyepata majibu yote sita ya banda bila mpangilio hajui kama yameisha. Aliyepata matatu kwa mpangilio na kueleza la nne linatokaje anajua zaidi, ingawa daftari lake lina machache. Mgawanyo unaofaa ni alama moja kwa jibu lolote sahihi, mbili kwa kupanga, mbili kwa kuieleza kanuni kwa maneno na mbili za mwisho kwa kuonyesha kwamba majibu yameisha. Mwanafunzi asiandikiwe "vizuri" tu. Aandikiwe kipi hasa kimeonekana katika kazi yake.

Kipimo kizuri cha mwisho wa mada ni lilelile fumbo la muuza karanga kwa sh. 1,000, likitolewa bila vizibo na bila mchoro. Anayeorodhesha njia moja moja atakesha. Aliyeielewa ruwaza ataandika mstari mmoja: 11 + 9 + 7 + 5 + 3 + 1. Njia ni 36.